Bawa la Shorobo

Jumapili, 5 Septemba 1993

Daftari hili nilimnunulia mwanangu Nikolao, anayesoma bweni kule Lukuledi. Akalikataa, eti mistari yake mipana kama ya watoto wa chekechea. Basi nitaliandika mimi, maana leo nisipoandika nitamtukana mtu, na mtu mwenyewe amekaa barazani hapa Newala anakula ugali niliousonga mimi.

Leo baada ya misa Baba amempa Dickson ufunguo.

Ufunguo wa chumba cha ndege, kile kilicho nyuma ya kanisa la zamani. Padri mmoja wa enzi za Mjerumani alikijaza ndege waliokaushwa, mayai, mafuvu ya komba na nyoka ndani ya chupa. Alitaka makumbusho kama ya kwao. Aliyekuwa akimwindia ndege na kuwachuna ni mjomba wake Baba. Padri alipokwenda zake ufunguo ukabaki kwa mjomba, na mjomba alipozeeka akampa Baba, mpwa wake. Sasa Baba naye macho yamemwishia, mtoto wa jicho amemfunika kotekote. Kampa nani? Mpwa wake. Dickson, mtoto wa shangazi Dominika wa Tandahimba, ambaye mpaka juzi hakujua mlango ule unasukumwa au unavutwa.

"Ndiyo desturi yetu, Cecilia," Baba akaniambia. "Kitu cha mjomba huenda kwa mpwa. Wewe ni wa ukoo wa mama yako."

Nikasema, "Sawa, Baba." Mimi ninayefagia chumba kile tangu sijavunja ungo! Niliyerudi kwake ndoa iliponishinda, nikampikia, nikamfulia, nikamshika mkono kumpeleka msalani. Sawa, Baba.

Sitaki ukoo wao. Nataka ufunguo. Na nataka Baba aseme mbele ya watu kwamba nastahili.

Jumatano, 8 Septemba

Nimeokota korosho kutwa nzima. Mgongo si wangu. Dickson kapita na pikapu ya tajiri wake, kapiga honi. Sikugeuka.

Jumamosi, 18 Septemba

Siku ya kufagia chumba. Zamani nilikuwa nauchukua ufunguo kwenye msumari, naenda. Leo imenibidi niombe.

"Shikamoo, dada," Dickson akasema, akaninyooshea kwa mikono miwili. "Ukimaliza utanirudishia, eti?"

Angenijibu kwa jeuri ningepata la kusema. Adabu yake ndiyo inayonichoma.

Nilimkalisha Baba kwenye kigoda chake mlangoni, nikaanza kupangusa kwa manyoya ya kuku. Ndege wengi wameshakuwa rangi moja na vumbi. Wawili panya wamewala miguu. Ila shorobo. Padri alimsimamisha juu ya tawi na kumfungua bawa moja, watu waone kilichomo. Mwili wake kijani, kichwani kishungi. Akiwa amefunga bawa ungesema ni ndege tu. Lakini ndani ya bawa, jamani, wekundu! Wekundu wa kumfanya mtu asimame. Nilipokuwa mdogo Baba alikuwa akinibeba begani nimwone. Hakuna mtoto mwingine aliyebebwa pale, hilo nalikumbuka vizuri, na Dickson hakuwepo.

"Bawa je?" Baba akauliza, kama kila Jumamosi.

"Jekundu, Baba. Vilevile."

Akatabasamu na macho yake meupe. Kisha akanikumbusha ninayoyajua: ninawe mikono nikimaliza, kwa sababu padri aliwapaka ndege sumu ya kuzuia wadudu. Na maji kwenye ndege hapana.

"Kwa nini maji hapana?"

"Mjomba ndivyo alivyoniambia. Maji hapana. Hakuongeza neno."

Jumanne, 28 Septemba

Msimu umepamba moto. Zamani korosho zote zilikwenda chama cha ushirika na tukangoja mpaka tuote mvi. Sasa ni ruksa, kila kichochoro kina mtu na mizani yake, na mmoja wa hao ni Dickson, anamnunulia tajiri wa Mtwara. Kina mama wanampenda. Anatania, anabeba magunia mwenyewe, anawasalimu wazee kwa kuinama. Jirani yangu Mama Ashraf, tulipokuwa tunaanika pamoja, kaniambia, "Cecilia, huyu binamu yako ni mtu na nusu!"

Nikamwambia amchukue basi, nimemwachia.

"Una kijicho wewe," akasema, akacheka. Nimenuna mpaka jioni. Kijicho! Kama kuna kijicho hapa ni haki yangu.

Jumamosi, 9 Oktoba

Madaktari wa macho wanakuja hospitali ya Masasi mwezi ujao, watawapasua wenye mtoto wa jicho. Aliyeleta habari ni nani? Dickson. Aliyekwisha kumwandikisha Baba ni nani? Dickson. Atakayempeleka kwa pikapu? Nimechoka kuliandika jina lake.

Baba alifurahi mpaka akasimama bila kushikwa. "Siku nikifunguliwa macho," akasema, "nataka nilione bawa la shorobo. Hilo kwanza, kabla ya kanisa, kabla ya shamba."

Mimi nilikuwa nimesimama mbele yake na bakuli la uji. Hakusema anataka kuniona mimi.

Halafu Dickson akarudi garini, akatoa sanduku la vioo alilolitengenezesha Mtwara kwa fundi. La kumwekea shorobo, vumbi lisimguse. Baba akalipapasa kioo hadi kioo, pembe hadi pembe, kisha akapeleka mkono kichwani kwa Dickson akampapasa na yeye. Akasema, "Mjomba wangu angekupenda."

Nilikwenda nyuma ya nyumba nikapasua kuni ambazo hazikuhitaji kupasuliwa.

Jumatatu, 11 Oktoba

Nimewaza. Sanduku ni zuri, lakini aliyemo ndani mchafu. Ana masizi ya miaka, kijani kimefifia, hata wekundu umepigwa na vumbi. Yeye kaleta kioo. Mimi nitaleta ndege mwenyewe, asafike, Baba akifunguliwa macho amwone kama alivyomwona mjomba wake.

Jumamosi, 16 Oktoba

Sijui nianzie wapi.

Asubuhi niliomba ufunguo kama kawaida. Baba alikuwa na mafua, alibaki nyumbani. Nilikwenda na beseni, kipande cha sabuni na magadi kidogo. Nilishalitafakari lile neno la maji hapana nikaliona halina maana tena. Wakati wa mjomba wake Baba maji yalikuwa yanatekwa bondeni, wanawake wanashuka genge lote alfajiri na kurudi jua limewaka, mtungi kichwani. Bibi yangu alikuwa akitunawisha uso kwa kitambaa kilicholowanishwa. Nani angemwogesha ndege aliyekufa kwa maji yale? Nikasema, mjomba alikuwa anabana maji tu. Leo bomba lipo hapo kwenye ukuta wa kanisa na lilikuwa linatoka.

Nikampangusa kifua kwanza kwa kitambaa chenye povu. Jamani, kijani kikarudi! Nikaona na weupe chini ya jicho ambao sikuwahi kujua kuwa upo. Nilianza kuimba. Niliimba zile za kumtoa mwali, maana ndivyo nilivyomwona, mwali anaoshwa ili atolewe nje watu wamshangilie. Bawa lilikuwa na uchafu mgumu. Nikaliweka ndani ya beseni lilowe kidogo, nikageuka kusugua kabati.

Nilipogeukia tena maji yalikuwa mekundu.

Nilidhani nimemjeruhi. Ndege aliyekufa kabla Baba hajazaliwa, nami nikamshika kifuani kutafuta jeraha! Nikalitoa bawa, likawa linachuruzika, na kila tone jekundu. Nikamwaga, nikasuuza upesi kwa maji safi nikidhani nauokoa wekundu uliobaki. Ndipo nikaona. Hapakuwa na wekundu uliobaki. Manyoya yako palepale, mazima, hakuna lililong'oka, ila yamekuwa rangi ya majivu. Maji yale nje yalinywewa na mchanga mara moja.

Nimemkausha kwa kanga yangu. Nimemrudisha ndani ya sanduku la Dickson, nikalisukuma kwenye kona yenye giza. Nimerudisha ufunguo.

"Asante, dada," akasema.

Baba akauliza toka kitandani, "Bawa je?"

Nikasema, "Jekundu, Baba."

Jumapili, 17 Oktoba

Sikwenda misa. Nilimwambia Mama Ashraf peke yake, ilinibidi nimwambie mtu. Akajipiga paja. "Yarabi! Sasa?" Akashauri rangi ya ukili, ile wanayotia miyaa ya kusukia mikeka. Nilikuwa na unyoya mmoja uliochomoka jana nilipomkausha ndege, nikauchovya. Umekuwa zambarau kama soda iliyomwagika. Nimeuchoma moto.

Jumamosi, 23 Oktoba

Dickson kajua.

Alikuja chumbani nikiwa nafagia, akaliburuta sanduku mpaka dirishani ili alifute. Akafungua kioo, akagusa manyoya. Kisha akasema polepole, "Dada. Bawa limefanya nini?"

Mdomo wangu ukajibu kabla yangu. "Unaniuliza mimi? Ufunguo unao wewe."

Akaniangalia. Hakukasirika, na ningemshukuru kama angekasirika. Akanusa vidole vyake alivyogusia manyoya. Sabuni bado inanukia.

"Ni kweli," akasema. "Mwenye ufunguo ni mimi. Mjomba akiuliza, nitajibu mimi."

Kisha akatoka kwenda kwenye mizani yake. Nimekaa pale sakafuni na ufagio. Nilitaka akasirike. Nilitaka anitaje kwa Baba, nimchukie kwa amani. Sasa hata kosa langu kanichukulia.

Jumanne, 2 Novemba

Korosho gunia la mwisho. Mabibo yanaoza chini ya mikorosho, nzi mpaka masikioni. Nakula kwa kulazimisha.

Jumatano, 10 Novemba

Baba amekuwa kama mtoto. Kila akiamka anauliza ni lini. Anasema upasuaji wenyewe hauumi, kaambiwa na Dickson. Anasema daktari atampa miwani, kaambiwa na Dickson.

Nimeomba sala mbaya leo. Nimemwomba Mungu jicho lisipone. Si milele, nimesema, kidogo tu. Halafu nikaogopa nikafuta kwa Salamu Maria tatu, lakini sala ilikuwa imeshatoka.

Jumatatu, 22 Novemba. Masasi

Tumeshuka na pikapu. Hospitali imejaa wazee wenye macho meupe, kila mmoja na binti au mjukuu wa kumshika. Mimi ndiye niliyemshika Baba. Dickson ameshughulikia makaratasi, kisha akaenda kununua mkate. Nimekaa na Baba kwenye benchi, kichwa chake begani kwangu, na kwa mara ya kwanza tangu Septemba sikumwonea mtu wivu. Nilitaka foleni isifike kwetu.

Wamempasua jicho la kulia alasiri.

Jumatano, 24 Novemba. Masasi

Wamemfungua. Nesi alimvua bandeji, akamvalisha miwani mizito kama vitako vya chupa, akamwambia afumbue taratibu. Mimi nilikuwa kushotoni, nimemshika mkono. Dickson amesimama mlangoni na shati lake la mtumba lenye maua ya njano.

Baba akafumbua. "Dickson!" akapiga kelele. "Maua hayo! Nayaona maua!"

Wodi nzima ikashangilia. Nesi akacheka. Mimi pia nilicheka, mkono wake ungali ndani ya wangu. Halafu nikaenda nje kulia, sijui nalia kwa sababu gani hasa, jicho limepona, Mungu hakunisikia, na Baba kaliona shati kabla ya kuniona mimi.

Jumamosi, 27 Novemba

Naandika yote, mpaka mwisho.

Tulifika nyumbani jana jioni. Leo asubuhi Baba alikataa chai. Alitembea mwenyewe mpaka kanisa la zamani, fimbo begani kama kijana anakwenda kuwinda. Dickson akafungua mlango. Ufunguo ulimsumbua, mikono yake ilikuwa na jasho, nikaona. Akalitoa sanduku nje juani, maana hapakuwa na namna nyingine.

Baba akainama. Akatazama kichwa, akatazama kishungi. "Wee! Mbona kijani hivi?" akasema kwa furaha. Kisha akazunguka upande wa bawa.

Akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena.

"Bawa liko wapi?"

"Ndilo hilo, Mjomba," Dickson akasema.

"Hili la majivu?"

"Ni mimi, Mjomba. Nilimwosha. Nilitaka umkute safi siku ya kufunguliwa macho."

Mimi nilikuwa nyuma yao. Niliona bega la Baba likishuka. Nilingoja amfokee. Nilitaka amfokee, sitadanganya. Nilikuwa nimeshajiandaa, fimbo ianguke, ufunguo udaiwe, aitwe shangazi Dominika kutoka Tandahimba aelezwe mbele ya wazee.

Baba akaweka mkono wake juu ya mkono wa Dickson.

"Ulitaka kunifurahisha," akasema.

"Ndiyo, Mjomba."

"Ulikuwa na nia njema. Basi, mwanangu. Yamekwisha."

Mwanangu! Yamekwisha! Kwa nia njema ya nani? Ile nia njema ilikuwa yangu! Mimi ndiye niliyebeba beseni, mimi ndiye niliyeimba, mimi ndiye niliyekosa usingizi na kukonda. Na huyu amesimama pale anasamehewa kwa kosa langu, anaitwa mwanangu kwa kosa langu! Ufunguo kachukua, shati limeonwa kwanza, na sasa hata msamaha achukue yeye?

"Mwongo!" nikapiga kelele mpaka njiwa wakaruka juu ya kanisa. "Hakuosha yeye! Nimeosha mimi! Kwa sabuni na magadi, Jumamosi ulipokuwa na mafua. Mimi, Baba! Na nikakwambia jekundu, na halikuwa jekundu. Mwambie, Dickson! Mwambie hukuwepo!"

Dickson akatazama chini. "Sikuwepo, Mjomba."

Baba akageuka. Miwani ile inayakuza macho yake, yalikuwa makubwa, na yalikuwa juu yangu mimi tu.

"Wewe unayemjua shorobo," akasema. "Huyu hamjui, angekosea ningesema hajui. Wewe nilikubeba begani."

Akaondoka na fimbo yake. Dickson akarudisha sanduku ndani. Tukabaki tumesimama mlangoni kama waliofukuzwa shule.

"Ungeniacha, dada," akasema. "Yalikuwa yamekwisha."

"Yamekwisha kwako," nikamwambia.

Jumapili, 28 Novemba

Baba hajasema nami. Amekula chakula changu chote na hajasema nami.

Jumatatu, 29 Novemba

Mvua ya kwanza. Ilianza mchana, mimi na Mama Ashraf tukakimbiza majamvi ndani. Dickson akaja kutusaidia, akalowa chapachapa. Nilimpa kanga ajifute. Ndiyo, nilimpa.

Nilipoingia sebuleni Baba alikuwa ameketi dirishani anatazama maji yanavyotiririka kwenye paa. Akasema bila kugeuka, "Cecilia. Kaa hapa."

Nikakaa.

"Mjomba aliniambia maji hapana. Sikuwahi kumwuliza kwa nini, na yeye sidhani kama alijua. Padri labda alijua. Maisha yangu yote nimelitunza neno lile, na sijui nilikuwa nazuia nini." Akanigeukia. "Umeniharibia ndege, na nitaumia mpaka nife. Lakini nieleze. Maji yalikuwaje?"

"Mekundu, Baba."

"Mekundu vipi? Ya damu? Ya udongo? Yalitoka mara moja au kidogokidogo?"

Nikamweleza. Hayakuwa kama damu, yalikuwa mepesi zaidi, kama yale ya rosela ukianza tu kuichemsha. Nikamweleza vilivyokuwa vitone kwenye ncha za manyoya, na povu lilivyogeuka waridi, na jinsi mchanga ulivyoyanywa. Alikuwa ameniinamia, ile miwani karibu na uso wangu, ananitazama mdomo kila neno. Sikumbuki lini aliwahi kunitazama hivyo.

"Kumbe wekundu ulikuwa unatoka," akasema. "Miaka yote ile, kumbe ungeweza kutoka. Na mjomba hakuona. Padri hakuona. Umeona wewe peke yako."

"Mimi peke yangu, Baba."

Dickson alikuwa amesimama mlangoni na kanga yangu shingoni, ufunguo unaning'inia kwenye mkanda wa suruali yake. Sijui alikuwa hapo tangu lini.

"Ungeniita, dada," akasema. "Hata mimi ningependa kuona."

Sauti ile naijua. Nimeishi nayo kifuani mwangu tangu Septemba.

Baba hata hakugeuka. Akanigusa goti. "Anza tena," akasema, "tangu ulipofungua bomba." Nami nikaanza tena, polepole, bila kuruka kitu.